Kupima Kabla ya Kusadiki: Mwongozo kwa Msanifu wa Huduma za Simu na Kompyuta

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako wewe uliyepewa, au uliyejitwika mwenyewe, kazi ya kuamua jinsi watu wengine watakavyozifikia haja zao kwa kioo cha simu, menyu ya malipo, fomu ya maombi au mashine ya kutolea tiketi. Haidhuru kama cheo chako ni msanifu, mtengeneza programu, karani wa idara au mwenye duka aliyemwajiri kijana amtengenezee huduma, kwa sababu kila aamuaye neno gani liandikwe juu ya kitufe, na swali gani litangulie jingine, ameshika sehemu ya tajiriba ya mtu asiyemjua, ambaye atalipa kwa wakati wake, na aghalabu kwa fedha yake, gharama ya kila ghalati iliyomo katika uamuzi huo.

Jambo moja nataka ulishike katika yote yafuatayo: kila uamuzi wa usanifu ni dai juu ya tabia ya binadamu, na dai ambalo halijawekwa mahali linapoweza kushindwa halijastahili kuitwa maarifa, hata likiwa limetoka katika kinywa cha mkuu wa idara au cha fundi mwenye sifa kubwa.

KWA NINI BUSARA YA MSANIFU HAITOSHI

Mwaka 2000, katika wilaya ya Palm Beach, jimbo la Florida, Marekani, karatasi ya kura ya urais ilipangwa kwa kurasa mbili zinazoelekeana, majina yakiwa kushoto na kulia na matundu ya kutoboa yakiwa katikati, kwa nia njema kabisa ya kukuza herufi ili wazee, ambao ni wengi wilayani humo, wasome bila taabu. Herufi zilisomeka, lakini jina la pili katika safu ya kushoto, Al Gore, lilikuwa na tundu la tatu, na tundu la pili lilikuwa la Pat Buchanan, aliyeandikwa katika ukurasa wa kulia. Buchanan alipata kura 3,407 katika wilaya ambayo hakutarajiwa kupata nyingi, maelfu ya karatasi nyingine zilitobolewa mara mbili zikabatilika, na jimbo zima likaja kuamuliwa kwa tofauti ya kura 537. Dai la kwamba herufi kubwa zitawafaa wazee lilikuwa sahihi. Dai la pili lililojificha nyuma yake, kwamba msomaji atajua tundu lipi ni la nani, ubovu wake ulijulikana siku ya kura, nayo ndiyo siku mbaya kuliko zote ya kulijua jambo kama hilo.

Tazama sasa kisa kilicho karibu nasi. Mnamo Oktoba 2005 kampuni za Vodafone na Safaricom, pamoja na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu Kenya, zilianza jaribio la huduma ya fedha kwa simu huko Nairobi na Thika, kwa wateja wasiofika 500, na dhana iliyoliongoza ilikuwa kwamba wakopaji wadogo watalipa marejesho ya mikopo yao kwa simu, waepukane na kubeba fedha taslimu hadi kwenye mkutano wa kikundi. Watu wakafanya na mengine ambayo hayakukusudiwa: walilipiana marejesho kwa kulipana fadhila, wakawanunulia muda wa maongezi jamaa walio mbali, wakaweka fedha kwa wakala mwanzo wa safari na kuzitoa mwisho wa safari, na wenye biashara wakaifanya huduma kuwa kasha la kuhifadhia mauzo usiku. Waliosimamia jaribio hawakuwakemea watu kwa kutoka katika mstari. Waliyaandika waliyoyaona, na huduma hiyo, M-Pesa, ilipozinduliwa Machi 2007 ilitangazwa kuwa njia ya kutuma fedha nyumbani, na mambo ya mikopo yakawekwa kando.

Siamini kwamba tofauti ya visa hivi viwili iko katika akili au uadilifu wa watendaji, kwani pande zote mbili zilikuwa na watu makini. Tofauti iko katika wakati: dhana moja ilipewa nafasi ya kushindwa ingali ndogo, mbele ya mamia ya watu na kwa hasara inayovumilika, ilhali nyingine ilikutana na ukweli mbele ya taifa zima.

HATUA ZA KUFUATA

Hatua ya 1. Andika tatizo kama lilivyoonekana, kabla hujalifasiri

Tuchukue kisa cha mfano ambacho tutakwenda nacho mpaka mwisho. Mamlaka ya maji ya mji fulani imeweka huduma ya kulipia bili kwa menyu ya simu, na kila siku wateja wanalalamika kwamba malipo "hayapiti". Mkuu wa idara atasema kwamba watu hawajui teknolojia. Fundi atasema mtandao ni dhaifu. Ofisa wa masoko atasema matangazo hayakutosha. Na kila mmoja wao atakuwa ametoa hukumu kabla ya kusikia shahidi. Wewe andika yaliyotokea tu: mteja alibonyeza nini, akaona nini, akafanya nini baada ya hapo. Omba kumbukumbu za mfumo, keti karibu na wakala saa za asubuhi na za jioni, na usikilize simu zinazopigwa kwa huduma ya wateja, ukiandika maneno ya mteja kama alivyoyatamka.

Kisha uliza swali ambalo wengi hulisahau, nalo ni hili: tatizo hili halipo wapi? Mwaka 1943 Alphonse Chapanis, mwanasaikolojia wa jeshi la anga la Marekani, alichunguza kwa nini marubani wa ndege za B-17 walikuwa wakikunja magurudumu ndege ikiwa imekwisha kutua, jambo ambalo lilikuwa likiitwa kosa la rubani na kufungiwa faili. Akaona kwamba marubani wa ndege za C-47 hawakuwa na kosa hilo. Binadamu walikuwa wa namna moja. Kilichotofautiana ni kwamba katika B-17 swichi ya magurudumu na swichi ya vibawa vya kutulia zilikaa jirani tena zikafanana kwa umbo, na katika C-47 hazikuwa hivyo. Dawa aliyoitoa ilikuwa kuzipa swichi hizo maumbo mbalimbali, moja kama gurudumu dogo na nyingine kama kabari, hata mkono wa rubani uzitambue bila msaada wa macho.

Kwa hiyo, ikiwa wateja wale wale wananunua umeme wa kulipia kabla (LUKU) kwa simu zile zile pasipo taabu, na bili ya maji ndiyo inayowashinda, hoja ya kwamba watu hawajui teknolojia imekwisha kuanguka kabla hujatumia hata shilingi moja.

Hatua ya 2. Tunga dhana zaidi ya moja, zishindane

T. C. Chamberlin, mwanajiolojia wa Marekani, aliwaonya watafiti wenzake mwaka 1890 kwamba mwenye dhana moja tu huipenda kama mzazi ampendavyo mwanawe, akawa haoni ila dalili zinazoitetea. Na tiba aliyoipendekeza, ambayo mpaka leo sijaona iliyo bora kuliko hiyo, ni kuwa na dhana kadhaa kwa wakati mmoja, zote zikipewa haki sawa. Kwa msanifu, faida yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa kila dhana huacha alama zake, na mtu aliyezitaja alama hizo mapema ataweza kuamua kesi nzima kwa kusoma kumbukumbu ambazo tayari zimelala katika mfumo.

> KISANDUKU CHA 1: DHANA TATU NA ALAMA ZAKE
>
> Dhana A. Mteja hajui ni ipi inayotakiwa kati ya namba kadhaa zilizochapwa katika bili. *Alama:* namba zilizokataliwa zitakuwa namba kamili za mita, au namba za bili, zilizoandikwa bila kosa.
>
> Dhana B. Mteja anaijua namba, lakini ni ndefu, na huikosea katika kuiandika. *Alama:* namba zilizokataliwa zitatofautiana na iliyo sahihi kwa tarakimu moja au mbili, au tarakimu mbili zitakuwa zimebadilishana nafasi.
>
> Dhana C. Menyu hukatika mteja akiwa bado anaitafuta bili. *Alama:* hakutakuwa na namba iliyokataliwa. Kutakuwa na majaribio yaliyokatika katika swali lile lile, na mteja yule yule kurudi baada ya dakika chache.

Tafakari jinsi tiba za dhana hizi zinavyoachana. Ikiwa A ndiyo kweli, itakubidi uirekebishe bili ya karatasi, au maneno ya swali. Ikiwa ni B, ifupishe namba au uikate katika mafungu, na umwonyeshe mteja jina la mwenye akaunti kabla hajathibitisha. Ikiwa ni C, mwambie mteja mwanzoni kabisa kwamba aishike bili mkononi. Mtu aliyerukia tiba moja kabla ya kuzibainisha dhana anaweza kuajiri mafundi kwa miezi, wakaitengeneza upya menyu yote kwa ustadi mkubwa, na mteja akaendelea kuandika namba ya mita.

Hatua ya 3. Andika ubashiri wako, utie na tarehe, kabla ya kutazama

Karl Popper, katika kitabu chake cha mwaka 1934 kuhusu mantiki ya uvumbuzi wa kisayansi, alishikilia kwamba alama ya dai la kisayansi ni kuweza kukanushwa na mambo yatakayoonekana. Katika kazi yetu kanuni hiyo ina umbo dogo na lenye manufaa makubwa: karatasi moja, iliyoandikwa kabla ya jaribio, inayotaja kitu gani kikionekana utakiri kwamba umekosea. Bila karatasi hiyo, akili ya mwanadamu, ambayo ni hodari katika kuyapatanisha mambo baada ya kutokea, itayageuza matokeo yoyote yale kuwa ushahidi wa ulichokipenda tangu mwanzo, nawe hutahisi kwamba umejihadaa.

> KISANDUKU CHA 2: SENTENSI YA KUJAZA
>
> "Tukibadili ______ kwa watu walio ______, basi ______ itatoka ______ hadi ______. Tukiona ______, tutakubali kwamba dhana yetu ni batili."
>
> *Mfano:* Tukibadili swali "Weka kumbukumbu namba" kuwa "Weka namba ya akaunti iliyo juu kulia katika bili yako" kwa wateja wanaolipa wenyewe kwa simu ndogo, basi malipo yanayokataliwa kwa sababu ya namba ya mita yatapungua yasifike nusu ya ilivyo sasa. Tukiona yamepungua kwa kiasi kisichofika robo, tutakubali kwamba dhana yetu ni batili.

Katika kuchagua cha kupima, usitosheke na kimoja. Vitufe vya simu unavyovijua, vyenye 1, 2 na 3 katika safu ya juu, vilitokana na majaribio ya maabara za Bell huko Marekani, ambayo R. L. Deininger aliyatangaza mwaka 1960. Humo mipangilio mbalimbali ya vitufe ilipewa watu waitumie, na mizani ikawa tatu: muda wa kubonyeza namba, idadi ya makosa, na mpangilio ambao watu waliupenda. Mizani hizo tatu zaweza kupingana, na mimi kwa upande wangu nadhani kwamba penye malipo, dawa au kura, makosa yatangulie, muda ufuate, na mapenzi ya watu yasikizwe mwisho. Lakini katika mchezo au gazeti ningezipanga vingine.

Hatua ya 4. Waalike watu walio kama watakaotumia

Wafanyakazi wenzako hawafai, kwa kuwa wanajua siri za mfumo. Ndugu zako hawafai, kwa kuwa wanakupenda. Tafuta mteja mwenye kitochi na mteja mwenye simu ya kioo kilichopasuka, anayesoma kwa miwani na anayesomewa na mjukuu, anayelipia nyumba yake na anayelipia wapangaji wanane. Ikiwa robo ya malipo yanafanywa na mawakala kwa niaba ya wateja, basi wakala naye ni mtumiaji wako, tena mwenye haraka. Uwajaribie mahali wanapolipia, yaani barazani, dukani au juani, kwa sababu chumba chenye kiyoyozi huficha nusu ya taabu zao.

Waeleze kusudi lako, uwaombe ridhaa, uwarudishie nauli, na uwaambie kwamba wanaweza kuondoka wakati wowote pasipo lawama. Namba ya siri ya mshiriki na fedha zake zisiguswe kamwe. Tumia bili za kuigiza na akaunti za majaribio.

Hatua ya 5. Waache wafanye, nawe unyamaze

Hapa ndipo majaribio mengi yaharibikapo, na ndipo nitakapokaa kidogo. Mwanzoni mwa karne iliyopita kulikuwa na farasi mjini Berlin aitwaye Hans, ambaye mmiliki wake, Wilhelm von Osten, aliamini kwa moyo safi kwamba farasi huyo anajua hesabu, kwa kuwa akiulizwa jumla ya namba alikuwa akigonga ardhi kwa kwato mpaka ifike idadi iliyo sahihi. Oskar Pfungst, katika uchunguzi alioutangaza mwaka 1907, alionyesha kwamba muulizaji asipolijua jibu, au farasi asipomwona, elimu yote ya Hans ilitoweka. Kumbe alikuwa akizitazama ishara ndogo za kichwa na mwili wa muulizaji, ambazo muulizaji mwenyewe hakujua kwamba anazitoa.

Mshiriki wako ana macho makali kuliko farasi, na fauka ya hayo ana adabu. Ukipumua kwa nguvu kidole chake kikielekea kitufe kisicho chake, atakihamisha. Ukimwuliza "Umeelewa?" atasema "Ndiyo", kwa kuwa kusema hapana mbele ya mgeni aliyekuja kwa heshima ni kumfedhehesha. Ukimwuliza "Unaionaje huduma yetu?" atasema "Ni nzuri tu, haina shida", nawe utarudi ofisini na bahasha iliyojaa staha, ukiidhania kuwa ni data. Kadhalika, mzee aliyezoea kuamkiwa hatapenda kukosea mbele ya kijana wa umri wa mwanawe wa mwisho; mwamkie kama inavyopasa, keti ubavuni pake pasipo kumsimamia kichwani, na ikiwezekana msimamizi awe mtu wa rika linalomkaribia.

> KISANDUKU CHA 3: MANENO YA MSIMAMIZI
>
> Mwanzo: "Mama, tunayoipima leo ni huduma hii, wala hatukupimi wewe. Palipo na ugumu ni kosa letu sisi tulioitengeneza, na tutashukuru ukituonyesha."
>
> Kazi: "Tuseme bili hii ni yako na unataka kuilipa leo. Fanya kama ungekuwa nyumbani kwako, na uwe ukisema kwa sauti yale unayoyawaza."
>
> Akikuuliza "Nibonyeze hapa?": "Ungekuwa peke yako, ungefanyaje?"
>
> Akinyamaza kwa muda mrefu: "Unatazama nini sasa?"
>
> Usiseme kamwe: "Sasa weka kumbukumbu namba." Kwa kulitaja jina la sehemu umekwisha kumwonyesha njia.
>
> Usiulize: "Ungependa tukuongezee kitufe cha msaada?" Kila mtu atapenda kuongezewa. Uliza: "Mara ya mwisho ulipokwama, ulifanya nini?"

Muda wa kukwama utakuwa mchungu kwako kuliko kwake. Hesabu kimya kimya, andika alichokitazama, na umsaidie pale tu anapotaka kukata tamaa. Na ukimsaidia, andika kwamba hakufaulu, hata kama alifika mwisho.

Hatua ya 6. Badili jambo moja, mengine uyaache kama yalivyo

Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mnamo mwaka 965, aliweka taa kadhaa mahali mbalimbali mbele ya tundu la chumba chenye giza, akaona madoa ya nuru ukutani kwa idadi ya taa. Akaifunika taa moja, na doa moja likatoweka, lile lililo mkabala nayo, akaifunua, nalo likarudi. Kwa kitendo hicho alijua kwa yakini kwamba kila nuru ilipita tunduni kwa njia yake iliyonyoka, na kwamba hazikuchanganyika hapo zilipokutana. Mimi huona furaha kubwa kukumbuka kwamba mbinu hii, ambayo leo hufundishwa kana kwamba imezaliwa pamoja na kompyuta, imekuwako miaka elfu.

Ifuate. Ukibadili kwa siku moja maneno ya swali, urefu wa namba na muda wa menyu, na malipo yanayokataliwa yakapungua, umefunika taa tatu kwa pamoja wala hujui ni ipi iliyozima doa lipi. Ukilinganisha sura mbili za menyu kwa washiriki wale wale, nusu waanze na ya kwanza na nusu waanze na ya pili, kwa kuwa mtu akifika kwenye ya pili amekwisha jifunza. Na atakayeanza na ipi aamuliwe kwa kura au kwa kurusha sarafu. Ukiwapa wa asubuhi sura moja na wa jioni sura nyingine utakuwa umelinganisha wenye haraka na waliochoka. Ukizindua sura mpya mwisho wa mwezi, mishahara ikiwa imetoka, ongezeko la malipo huenda likawa fadhila ya mshahara.

Hatua ya 7. Zisome namba kwa insafu

Jakob Nielsen na Thomas Landauer waliandika mwaka 1993 kwamba katika miradi waliyoichunguza mshiriki mmoja, kwa wastani, hufichua kama asilimia 31 ya matatizo ya matumizi, na kwa hesabu hiyo washiriki 5 hufichua kama asilimia 85. Neno hili limewatia moyo wengi waanze na watu wachache, nalo ni jema. Lakini limetumiwa vibaya na wale wanaosahau kwamba ni wastani. Tatizo linalompata mtu 1 katika kila 10 lina nafasi ya asilimia 59 ya kutoonekana kabisa kwa watu 5, yaani lina uwezekano mkubwa zaidi wa kukuponyoka kuliko wa kunaswa. Na ikiwa tatizo hilo ni kumlipia jirani bili yake ukidhani ni yako, mmoja katika 10 ni balaa.

Fahamu vilevile kwamba watu 5 wote wakifaulu, bado inawezekana kwamba huku nje watu 45 katika 100 hushindwa, na wewe umebahatika kuwapata wanaoweza. Kuna kanuni nyepesi ya kukumbuka: washiriki wakiwa 30 au zaidi na asiwepo hata mmoja aliyeshindwa, gawa 3 kwa idadi yao, upate kiwango cha juu cha kushindwa ambacho bado huwezi kukikana kwa yakini ya asilimia 95. Watu 30, mmoja katika 10; watu 300, mmoja katika 100. Kwa sababu hiyo watumie watu wachache kutafuta matatizo, wala usiwatumie kuthibitisha kwamba hayapo.

Penye kulinganisha, jihadhari zaidi. Sura ya kwanza ikifaulu kwa watu 9 katika 20 na ya pili kwa 12 katika 20, usipige vigelegele, maana tofauti ya namna hiyo hutokea mara kwa mara hata watu wote wakipewa sura moja. Amua kabla ya kuanza utawapima watu wangapi, na usisimamishe hesabu siku ile inapokupendeza. Kwani mtu achunguliaye matokeo kila jioni na kusimama yanapokuwa mazuri atayapata mazuri siku mojawapo, hata kwa huduma isiyobadilika.

Hatua ya 8. Amua, hifadhi, rudia

John Gould wa IBM na Clayton Lewis walitaja mwaka 1985 nguzo tatu za usanifu ufaao: kuwakabili watumiaji tangu mwanzo, kupima wanavyofanya, na kurekebisha kisha kupima tena. Hiyo ya tatu ndiyo inayokatwa fedha zikipungua. Andika ukurasa mmoja kwa kila jaribio: dhana, ubashiri, waliopimwa, yaliyoonekana, uamuzi; na dhana zilizoshindwa ziwekwe pamoja na zilizoshinda, ili atakayekurithi asizifufue kwa gharama mpya.

MAKOSA YANAYOTOKEA SANA

- Kuuliza watu wanataka nini, na kuacha kutazama wanafanya nini. Yote mawili yana haki, lakini yakigombana, amini kitendo.
- Kumpa mkubwa wa mkutano kauli ya mwisho juu ya rangi au neno, ilhali jaribio la siku moja lingetoa hukumu bila kumvunjia heshima mtu yeyote.
- Kupima waliofaulu tu. Waliokata tamaa hawamo katika kumbukumbu za malipo. Watafute kwenye foleni ya dirisha la ofisi.
- Kuita "kosa la mtumiaji" jambo ambalo watu wengi wanalikosea kwa namna moja. Wengi wakianguka penye kizingiti kimoja, chunguza kizingiti.
- Kutumia ujuzi huu kumnasa mtu. Menyu inayoficha ada, au inayomfanya akubali mkopo asioukusudia, yaweza kupimwa kwa ustadi wote uliotajwa hapa na kupata namba nzuri sana, nayo ikabaki kuwa dhuluma. Katika vipimo vyako kiwemo kimoja kinachouliza kama mteja, baada ya siku kadhaa, bado anakubali kwamba alichofanya ndicho alichotaka.

ORODHA YA KUHAKIKI KABLA YA KUZINDUA

☐ Tatizo limeandikwa kwa matendo yaliyoonekana, bila sababu kutiwa ndani yake.
☐ Tumeuliza ni wapi tatizo hilo halipo.
☐ Dhana si chini ya mbili, na kila moja ina alama yake.
☐ Ubashiri una namba, una tarehe, na unataja kitakachoubatilisha.
☐ Washiriki wanafanana na watumiaji kwa umri, simu na mahali.
☐ Ridhaa imeombwa. Hakuna namba ya siri wala fedha ya mtu iliyotumika.
☐ Msimamizi hakulitaja jina la kitufe wala sehemu yoyote.
☐ Kilichobadilishwa ni kimoja, na mpangilio wa washiriki uliamuliwa kwa kura.
☐ Idadi ya washiriki iliwekwa kabla, na haikubadilishwa njiani.
☐ Yaliyoshindwa yameandikwa.

Huhitaji maabara kuianza kazi hii. Juma hili chagua swali moja tu katika huduma yako, lile ambalo wateja wanalipigia simu kuliko yote, uliandikie dhana mbili na ubashiri mmoja, uwatafute watu watano wasiokujua, na uketi ubavuni pao ukiwa umefunga mdomo. Utakayoyaona, mpelekee mwenye mamlaka pamoja na karatasi ya ubashiri wako, hata kama karatasi hiyo imekukadhibisha.